Sayari Kubwa Zinazokwenda kwa Mapigo: Somo la Falaki katika Darasa la Kiswahili

Utangulizi

Muhula uliopita tuliwapa wanafunzi wetu wa kozi ya tafsiri matini fupi ya kisayansi. Matini hiyo ilihusu ugunduzi wa sayari kubwa zinazozunguka nyota za mbali, nayo ilikuwa na aya tatu tu. Tulidhani ni zoezi la saa moja. Badala yake lilituchukua wiki mbili, na mwishowe lilitulazimu kuzisahihisha upya karatasi zote, kwa sababu mwongozo wetu wa kusahihishia ulikuwa na makosa mawili. Mwanafunzi mmoja alikuwa ameandika "nyota zilizozeeka", nasi tukamkata alama kwa kuwa mwongozo ulisema "nyota zilizoendelea". Wengine wanne walikuwa wameandika "mwangwi wa mizunguko", nasi tukawapa alama zote. Tulipokwenda kuisoma habari yenyewe kwa makini, tulibaini kwamba yule mmoja alikuwa sahihi, na wale wanne pamoja na sisi walimu wao tulikuwa tumekosea.

Makala haya yamezaliwa na kosa hilo. Nia yetu ni mbili. Kwanza, kueleza kwa Kiswahili cha kawaida jambo ambalo wanasayansi wamegundua. Pili, kuonyesha kwamba mwalimu wa lugha hawezi kuchagua istilahi iliyo sawa kabla hajalielewa jambo linaloitwa kwa istilahi hiyo. Wanafunzi wetu wengi, ambao Kiswahili ni lugha yao ya tatu au ya nne, hutuuliza: "Mwalimu, kweli mambo haya yanasemeka kwa Kiswahili?" Jibu la swali hilo halitolewi kwa hotuba. Linatolewa kwa kuyasema.

Falaki na majina ya sayari

Tuanze na jina la elimu yenyewe. Kiswahili kina maneno mawili ambayo huchanganywa mara kwa mara, yaani falaki na unajimu. Katika mazungumzo ya kila siku mnajimu ni mtu anayetabiri mambo ya watu kwa kutumia nyota. Mtu anayepima mwendo, mwanga na uzito wa nyota tutamwita mwanafalaki au mwanaastronomia. Mwanafunzi anayeandika kwamba "wanajimu wamegundua sayari" hakosei kisarufi, lakini anampeleka msomaji kwa mpiga ramli.

Majina ya sayari nayo yanahitaji uangalifu. Sayari kubwa kuliko zote katika mfumo wa Jua letu ni Mshtarii. Katika baadhi ya orodha za shule tumekutana na jina Sumbula kwa sayari hiyo, na Sarateni kwa Zohali. Maneno hayo yametoka katika Kiarabu, lakini huko si majina ya sayari bali ya buruji. Sumbula ni suke la nafaka, kundi la nyota ambalo kwa Kilatini huitwa Virgo. Sarateni ni kaa, kundi linaloitwa Cancer. Hapa tutatumia Mshtarii, na ndiyo itakayokuwa mizani yetu, kwa maana wanafalaki hupima sayari kubwa za mbali kwa kuzilinganisha nayo. Tungamo la Mshtarii ni takriban mara 318 ya lile la Dunia.

Sayari isiyoonekana hujulikanaje?

Sayari haina mwanga wake yenyewe. Ikiwa karibu na nyota iliyo mbali nasi, hufunikwa na mng'ao wa nyota hiyo, na ni mara chache sana darubini huweza kuipiga picha. Kwa hiyo wanafalaki hawaitafuti sayari. Wanaitazama nyota na kuuliza kama kuna kitu kinachoivuta.

Tumezoea kusema kwamba sayari huzunguka nyota, na usemi huo si kosa, lakini haujatimia. Nyota na sayari huvutana, na vyote viwili huzunguka kitovu cha pamoja. Kwa kuwa nyota ni nzito mno, yenyewe husogea kidogo tu, mfano wa mtu mzima aliyemshika mtoto mikono na kumzungusha hewani. Mtoto hupita duara kubwa, na mtu mzima huyumba pale pale aliposimama. Mshtarii hulifanya Jua liyumbe kwa mwendo wa takriban mita 12 kwa sekunde, ambao ni mwendo wa mkimbiaji hodari wa mita 100.

Kuyumba huko hupimwa kwa mwanga. Sote tumewahi kusimama kando ya barabara gari la wagonjwa likapita likilia king'ora. Likija, sauti huwa nyembamba, na likishatupita sauti hushuka na kuwa nzito. Mwanga nao hufanya vivyo hivyo. Nyota ikisogea kuelekea kwetu, mwanga wake husogea kidogo upande wa buluu, na ikirudi nyuma husogea upande wa nyekundu. Wanafalaki huutawanya mwanga wa nyota uwe rangi za upinde wa mvua, na ndani ya rangi hizo huonekana mistari myembamba myeusi inayosababishwa na elementi zilizomo katika hewa ya nyota. Mistari hiyo ndiyo inayopimwa. Nyota ikiyumba kwa mita 30 kwa sekunde, mistari husogea kwa sehemu 1 tu katika milioni 10. Ili kuupata mpimo mdogo kiasi hicho, mwanga hupitishwa kwanza katika chupa yenye mvuke wa iodini, ambayo huongeza mistari yake yenyewe na kuwa kama rula iliyowekwa juu ya kitu kinachopimwa.

Kwa njia hii Michel Mayor na Didier Queloz wa Chuo Kikuu cha Geneva walitangaza mwaka 1995 sayari ya kwanza inayozunguka nyota inayofanana na Jua, nyota iitwayo 51 Pegasi. Walipewa sehemu ya Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2019. Baada yao sayari nyingi ziligunduliwa kwa njia hii na nyinginezo, na kufikia Machi 2022 idadi ya zilizothibitishwa nje ya mfumo wetu ilikuwa imepita 5,000.

Nyota zilizozeeka, si zilizoendelea

Sasa tulifikie kosa letu la kwanza. Neno la Kiingereza lililotumika katika matini yetu ndilo hilo hilo linalotumika kwa mageuko ya viumbe, nasi tuliona ni sawa kusema "nyota zilizoendelea". Lakini msomaji wa Kiswahili akisikia "zilizoendelea" hukumbuka "nchi zilizoendelea", na huelewa kwamba nyota hizo zina hali bora kuliko nyingine. Kinachosemwa ni kingine kabisa, nacho ni kwamba nyota imetoka katika umri wake wa makamo na kuingia uzeeni.

Kwa sehemu kubwa ya maisha yake nyota huunguza hidrojeni katika kiini chake na kuigeuza kuwa heli. Jua letu limo katika hatua hiyo, na litaendelea nayo kwa takriban miaka bilioni 5 ijayo. Hidrojeni ya kiini ikiisha, kiini hujikaza, na matabaka ya nje huanza kutanuka na kupoa. Nyota iliyoanza safari hiyo tutaiita nusujitu. Ikiendelea kutanuka hadi kuwa kubwa mara makumi au zaidi, huitwa jitu jekundu, na wingi wake ni majitu mekundu.

Kwa nini wanafalaki wanazipenda nyota hizi? Sababu ni ya kiutendaji. Nyota zenye tungamo kubwa kuliko Jua, zikiwa katika umri wa makamo, huwa na joto kali na huzunguka kwenye mhimili wake kwa kasi. Joto hilo huifanya mistari myeusi iwe michache, na kasi hiyo huifanya iwe mipana na hafifu. Kuipima ni kama kujaribu kusoma maandishi yaliyolowa maji. Nyota hiyo hiyo ikizeeka, hupoa na kupunguza kasi, nayo mistari yake huongezeka na kuwa myembamba tena. Kwa hiyo mtu anayetaka kujua kama nyota nzito huwa na sayari, humngojea mzee apunguze mwendo ndipo amhoji.

John Asher Johnson na wenzake walifanya uchunguzi wa namna hiyo kwa kutumia darubini ya Lick huko California na darubini ya Keck, yenye kioo cha mita 10, iliyo juu ya mlima Mauna Kea huko Hawaii. Wao wenyewe waliziita nyota hizo kwa utani kuwa ni "wastaafu". Mwanafunzi wetu aliyeandika "zilizozeeka" alikuwa karibu sana na fikra yao.

Mapigo mawili kwa moja

Kosa la pili lilikuwa zito zaidi. Mwangwi ni sauti inayorudi baada ya kugonga ukuta au mlima. Katika habari yetu hakuna sauti, na hakuna kinachorudi. Kilichopo ni miili miwili inayozunguka kwa nyakati zenye uwiano wa namba ndogo kamili, kama 2 kwa 1, 3 kwa 2 au 4 kwa 3.

Tuchukue mfano wa ngoma. Wapigaji wawili wamekaa pamoja. Mmoja anapiga mapigo mawili kila mwenzake anapopiga moja. Baada ya kila pigo la yule wa polepole, wote wawili hukutana tena kwa pigo moja. Sasa badala ya ngoma tuweke sayari mbili. Ya ndani inamaliza mizunguko miwili wakati ya nje inamaliza mmoja. Kila ya ndani inapoipita ya nje, hukutana nayo mahali pale pale katika njia yake. Kwa kuwa zinakutana pale pale, kila moja humvuta mwenzake kwa namna ile ile, mara mia na mara elfu. Mvuto ambao mara moja ni mdogo huwa mkubwa kwa kurudiwa. Anayemsukuma mtoto kwenye bembea analijua jambo hili, kwani si lazima asukume kwa nguvu, bali asukume kwa wakati wake.

Mvuto huo unaorudiwa unaweza kuharibu au kulinda. Kati ya Mirihi na Mshtarii kuna ukanda wa mawe mengi yanayolizunguka Jua, na katika karne ya 19 Daniel Kirkwood alionyesha kwamba ukanda huo una mapengo. Mapengo hayo yako mahali ambapo jiwe lingezunguka, kwa mfano, mara 3 wakati Mshtarii inazunguka mara 1. Huko Mshtarii imeyafukuza mawe. Kwa upande mwingine, Pluto hukatiza njia ya Neptuni, lakini haviwezi kugongana, kwa sababu Neptuni huzunguka mara 3 kila Pluto inapozunguka mara 2, na uwiano huo huhakikisha kwamba haviko mahali pamoja kwa wakati mmoja.

Mfano maarufu zaidi ni miezi ya Mshtarii ambayo Galileo aliiona mwaka 1610. Io huzunguka kwa siku 1.77, Europa kwa siku 3.55, na Ganymede kwa siku 7.15. Kila mmoja huchukua karibu mara mbili ya muda wa mwenzake wa ndani, na miezi hiyo mitatu kamwe haipangani yote upande mmoja wa Mshtarii.

Kwa sababu hizi tunapendekeza istilahi "mizunguko patanifu". Kitenzi patana kimebeba wazo la wawili waliofikia masikilizano, na wapigaji muziki nao huzungumza juu ya kupatanisha ala. Halikuletwa neno geni, na msomaji hapelekwi mahali pasipo na jambo.

Nyota mbili zinazopita juu yetu

Mwaka 2010 Johnson, aliyekuwa wakati huo katika taasisi ya Caltech, na wenzake, wakiwemo Matthew Payne na Eric Ford wa Chuo Kikuu cha Florida, walitangaza mifumo miwili ya sayari kubwa zinazozunguka nyota nusujitu. Taarifa yao kamili ilichapishwa mwaka 2011 katika jarida la Astronomical Journal.

Nyota ya kwanza inaitwa 24 Sextantis. Sayari yake ya ndani huzunguka kwa siku 453 na ya nje kwa siku 883, uwiano ulio karibu na 2 kwa 1. Tungamo la ya ndani ni takriban mara 2 ya Mshtarii, na la nje ni pungufu kidogo ya Mshtarii. Nyota ya pili ina namba tu, HD 200964. Sayari zake huzunguka kwa siku 614 na siku 825, uwiano ulio karibu na 4 kwa 3, na tungamo zake nazo zinakaribia zile za mfumo wa kwanza. Nyota zote mbili ni pana mara 4 hadi 5 kuliko Jua, na ziko mbali nasi kwa zaidi ya miaka nuru 200.

Mfumo wa pili ndio uliowashangaza wengi. Sayari zake mbili, kila moja ikiwa ni jitu, hukaribiana hadi umbali wa takriban kilomita milioni 52. Huo ni karibu umbali wa Dunia na Mirihi zinapokuwa karibu kabisa, ila Mirihi ni ndogo na Mshtarii ni kubwa. Ukipiga hesabu ya mvutano, utaona kwamba majitu hayo huvutana kwa nguvu inayozidi ile ya Dunia na Mwezi kwa takriban mara 700. Sayari mbili za namna hiyo zikiachwa ziende ovyo, moja itatupwa nje au zitagongana. Watafiti walipoiga mwendo wake kwa kompyuta kwa mamilioni ya miaka, waliona kwamba mfumo hudumu pale tu mizunguko inapopatana. Upatanifu ndio uliozihifadhi.

Wasomaji wetu wa Uganda, Kenya, Kongo na popote ikweta inapopita wana sababu ya pekee ya kuzijali nyota hizi. Zote mbili ziko karibu na ikweta ya anga, kwa hiyo kwetu hupita karibu utosini. Mwishoni mwa Aprili, saa tatu usiku, 24 Sextantis huwa juu kabisa mjini Kampala. Iko katika kundi hafifu la Sextans, lililopewa jina na Johannes Hevelius mwaka 1687 kwa kumbukumbu ya chombo chake cha kupimia pembe za nyota. HD 200964 hufika hapo mwanzoni mwa Oktoba, saa ile ile, katika kundi dogo la Equuleus, yaani mwanafarasi. Zote mbili ni hafifu kidogo tu kupita uwezo wa macho matupu, na darubini ndogo ya mkononi inatosha kuziona mahali pasipo na taa nyingi. Sayari zake, bila shaka, hazitaonekana. Lakini mwalimu anaweza kumwonyesha mwanafunzi nukta na kumwambia, "Pale pana majitu mawili yanayopishana kwa mapigo." Sentensi hiyo ni ya kweli, nayo ni Kiswahili.

Upatanifu kama ushahidi wa safari

Je, sayari hizi zilifikaje katika uwiano huo? Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba sayari kubwa hazibaki zilipozaliwa. Huzaliwa ndani ya sahani ya gesi na vumbi inayoizunguka nyota changa, na gesi hiyo huzisukuma polepole, mara nyingi kuelekea ndani. Ya nje ikisogea kwa kasi kuliko ya ndani, nafasi kati yake hupungua mpaka zinapofika kwenye uwiano wa namba kamili. Hapo huweza kunaswa, na tangu hapo husafiri pamoja huku zikiutunza uwiano huo. Gesi hutoweka baada ya miaka milioni kadhaa, lakini uwiano hubaki. Kwa maana hiyo upatanifu ni kama kovu, kwa kuwa jeraha limepona zamani, lakini alama inatuambia kwamba kulitokea jambo.

Kwa uwiano wa 2 kwa 1 maelezo haya yanatosha. Tayari mwaka 2001 ilikuwa imetangazwa jozi ya sayari yenye uwiano huo katika nyota ndogo GJ 876, zinazozunguka kwa takriban siku 30 na 61. Baadaye, mwaka 2014, uwiano unaokaribia huo uliripotiwa katika nyota jitu Eta Ceti.

Uwiano wa 4 kwa 3 ni mgumu. Sayari zinazosogeleana hukutana kwanza na 2 kwa 1, kisha 3 kwa 2, ndipo 4 kwa 3. Je, majitu yale yalivukaje milango miwili ya kwanza bila kunaswa? Hanno Rein na wenzake walilichunguza swali hili mwaka 2012 kwa kompyuta, na wakakiri kwamba njia za kawaida za kuunda sayari hazielezi jozi ya majitu yenye uwiano huo. Wengine wamependekeza njia nyingine tangu hapo. Tunalitaja jambo hili makusudi. Wanafunzi wetu huiona sayansi kama orodha ya majibu, lakini mwanasayansi aliyesema hadharani kwamba maelezo yaliyopo hayatoshi amefanya kazi kamili.

Tahadhari

Kuna mambo matatu ambayo mwandishi wa Kiswahili asiyaache nje anapoieleza habari hii.

La kwanza, mapigo ya sayari mbili zenye uwiano wa 2 kwa 1 yanaweza kufanana sana na mapigo ya sayari moja yenye njia iliyorefuka kama yai. Ni kama kusikiliza ngoma kutoka nyuma ya ukuta na kukisia idadi ya wapigaji. Vipimo vichache hudanganya, na vipimo vya miaka mingi hurekebisha.

La pili, nyota zilizozeeka zina mapigo yake zenyewe. Nyota jitu Gamma Draconis ilionekana kuwa na sayari yenye mzunguko wa siku 702, na vipimo vya 2003 hadi 2011 vilikubaliana vizuri. Kisha alama ikafifia, na iliporudi haikuwa imefuata mapigo yake ya awali. Mwaka 2018 Artie Hatzes na wenzake waliandika kwamba kilichoonekana hakikuwa sayari bali ni mabadiliko ya nyota yenyewe.

La tatu, mwaka 2011 James Lloyd alihoji kama kweli nyota hizi za "wastaafu" ni nzito kiasi kilichodaiwa, na mjadala uliofuata ulikuwa mrefu. Kwa sababu hiyo ni afadhali mwandishi aseme "inakadiriwa" na "takriban" kuliko kutamka tungamo la nyota kama kwamba iliwekwa kwenye mizani.

Mwisho wa nyota hizi

Nyota nusujitu haitabaki nusujitu. Itazidi kutanuka, na sayari iliyo karibu mno itamezwa. Jua letu nalo litafika huko. Linatarajiwa kuzimeza sayari mbili za ndani, Utaridi na Zuhura, na hatima ya Dunia bado inajadiliwa.

Nyota jitu hupoteza pia sehemu ya tungamo lake polepole. Nyota inapopungua uzito, huzishika sayari zake kwa ulegevu, na njia zake hupanuka. Lakini zote hupanuka kwa kiasi kimoja, kwa hiyo uwiano wa mizunguko haubadiliki kwa sababu hiyo peke yake. Kinachobadilika ni kwamba sayari sasa ni nzito zaidi zikilinganishwa na nyota, na mvutano kati yake una nguvu zaidi kuliko awali. Mfumo uliotulia kwa mamia ya mamilioni ya miaka unaweza kuvurugika wakati huo. Kuzipata sayari hizi katika nyota iliyoanza kuzeeka ni kuzikuta kabla ya mtihani huo.

Hitimisho

Turudi darasani. Tuliporekebisha mwongozo, yule mwanafunzi alirudishiwa alama zake, na wale wanne hatukuwapunguzia, kwa kuwa kosa lilianzia kwetu. Lakini tulibaki na swali linalotuhusu sote tunaofundisha. Ni mara ngapi tumeweka neno la Kiswahili juu ya neno la kigeni bila kuuliza ni jambo gani linaloitwa hivyo? "Mwangwi" na "zilizoendelea" ni maneno mazuri, na yote mawili yanapatikana katika kamusi. Hayakuwa na kosa lolote isipokuwa kwamba yalieleza jambo lingine.

Mwanafunzi atakayekwenda kufundisha sekondari atakutana na matini kama hizi, na wanafunzi wake watamwamini. Akiandika vibaya, hawatajua. Watakariri. Ndiyo maana tunashauri kwamba mazoezi ya tafsiri ya kisayansi yaambatane na saa moja ya kulisoma jambo lenyewe, na ikiwezekana mwalimu wa fizikia akaribishwe darasani.

Kuhusu istilahi, tunawaletea wasomaji nne wazijadili: nyota nusujitu, jitu jekundu, nyota iliyozeeka na mizunguko patanifu. Hatudai kwamba ndizo za mwisho. Mwenye lililo bora alilete idarani, pamoja na sentensi mbili zinazolitumia. Neno ambalo halijaingia katika sentensi bado hatujui kama linafanya kazi.